Mgongo Mmoja, Watoto Wawili

Sombe, majani ya muhogo, halitwangwi kwa mkono mmoja, na wiki ya kutoka Noeli kwenda Bonane, yaani Mwaka Mpya, nyumba nyingi za Rumonge, Burundi, zinatwanga. Mvua ya Desemba haiachi nepi zikauke kambani. Wageni wanatoka Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kwa barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, nao watafika saa yoyote, maana mafuta yakiadimika dereva huanza kwanza kuyatafuta, abiria baadaye. Na ndani ya nyumba moja kati ya hizo yupo mtoto wa miezi mitano, na mwingine wa miaka miwili.

Mama anakunja kitenge. Anainama, anamshika mdogo kwapani, anampitisha ubavuni hadi mgongoni; kwa nukta chache hakuna kinachomzuia mtoto asianguke ila mwinamo wa mama yake. Kitenge kinatupwa juu. Ukingo wa juu unapita chini ya kwapa na kufungwa juu ya matiti, wa chini unashika makalio ya mtoto, unavutwa mbele kwa nguvu na kuviringwa tumboni. Watu husifu fundo la juu kwa sababu ndilo wanaloliona, lakini kazi yote iko chini. Makalio yakizama na magoti yakapanda, mtoto ameketi. Yasipozama ananing'inia, na kabla sombe halijalainika mabega ya mama yatakuwa yameshalalamika.

Mwaka 2015 madaktari wa mifupa walichapisha walichokiona baada ya kupitia rekodi za watoto zaidi ya 40,000 nchini Malawi, ambako nako mbeleko ni jambo la kila siku: hawakumkuta hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyolegea tangu utotoni. Wakaona huenda kinga ni mkao huo wa miguu iliyopanuliwa. Mabibi wa Rumonge hawakuwa wakiwasubiri. Baadhi yao walivuka kwenda Tanzania mwaka 1972, mauaji yalipotapakaa upande huu wa ziwa, wakiwa wenyewe migongoni mwa mama zao. Waliorudi kuanzia 2008 walirudi na watoto wao, na Kiswahili cha makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na Katumba.

Kinu kinapoanza kulia, mdogo anasinzia. Mama hageuki kumtazama. Uzito wa mtoto aliyelala ni mwingine, na mgongo unautambua. Unatambua pia mkojo kabla haujapenya, na homa kabla ya paji la uso kuguswa.

Hata hivyo, sifa zangu kubwa siipi mbeleko. Naupa ujanja wa kuishi na huyu wa pili, ambaye mpaka juzijuzi mgongo huo ulikuwa wake. Hakuna kitenge cha kumfunga. Kufukuzwa jikoni hakusaidii, kwa sababu atarudi akilia, na mbabula ya makaa yenye mawese ya moto ipo palepale. Basi anapewa cheo. Ungo unawekwa mbele yake, ndagala kavu, vidagaa vya ziwani, zinamwagwa humo, anaambiwa achambue mawe. Anaokota moja kwa uangalifu wa fundi saa, analitupa, halafu anakula ndagala. Mama anasimama upande akikaanga samaki wa mukeke, mwili wake ukiwa kati ya moto na watoto wote wawili, mguu mmoja ukigusa ukingo wa ungo ili ajue msaidizi hajaondoka. Nimewaona wapishi wa hoteli wakichanganyikiwa kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Kisha kumtua mdogo. Asiyejua hufungua fundo akiwa amesimama, na mtoto huamka. Anayejua huketi ukingoni mwa mkeka, hujiegemeza nyuma taratibu mpaka kichwa cha mtoto kipate mto, ndipo hulegeza kitenge na kujichomoa, akikiacha na joto lake juu ya mtoto. Inachukua muda mrefu kuliko unavyodhani, na ndiyo saa wageni wanapopiga hodi.

Gari limekanyaga tope mlangoni, wajomba wanaimba, mdogo ameamka, mkubwa anamlilia mama ambaye mikono yake imejaa tena. Bibi kutoka Bujumbura hajatua hata kikapu. Anainama tu, anagonga mgongo wake.

"Panda, mama."

Mtoto anapanda, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa bibi.

"Ee! Umekuwa mzito hivi! Wanakulisha nini huku?"

"Ndagala."