Heko wachoma ndafu

MC akishatangaza, muziki unapanda na mbuzi mzima anaingia ukumbini, amesimamishwa kwenye sinia, majani mabichi mdomoni kana kwamba bado yuko malishoni. Hiyo ndiyo ndafu, desturi ya Wachaga wa Kilimanjaro iliyoteka harusi za Dar es Salaam hadi keki ikapata mpinzani. Maharusi wanalishana, wakwe wanalishwa, simu zinapiga picha.

Mchomaji yuko nyuma, ananuka moshi, hakuna anayemtaja. Yeye alianza mapema: kumpaka mbuzi chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu hadi ndani ya mbavu, kisha kumgeuza taratibu juu ya mkaa. Mbavu huiva upesi, mapaja hukawia. Hapo ndipo fundi na mbabaishaji wanapoachana. Fundi husogeza makaa upande wa mapaja na kuchanja nyama nene ili moto upenye. Na mbuzi lazima abaki mzima, asikatike mguu, la sivyo ni aibu mbele ya wakwe.

Kamati za harusi, mlipeni mchomaji ujira wake wote kabla ndafu haijaingia ukumbini.