Ushujaa na Malezi: Askari Mwalimu katika Utenzi wa Vita

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa pale mgeni anapokaa kupita kiasi cha makaribisho, naye akatakiwa aonyeshe kazi ya mikono yake. Katika historia ya Afrika Mashariki ni nadra kupata ugeni uliolistahiki jembe hilo kuliko ule wa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliobaki Uganda baada ya Kampala kutekwa, Aprili 11, 1979. Mapigano yalikwisha mwanzoni mwa Juni mwaka huo. Lakini wa mwisho wao hawakurejea nyumbani hadi katikati ya mwaka 1981. Katika miaka miwili hiyo kazi yao haikuwa tena kushambulia. Ilikuwa kulinda miji na njia, na kulilea jeshi changa la UNLA lililotarajiwa kushika nafasi yao. Swali lililobakia mbele ya washairi wa Kiswahili ni hili: vita vile vimepata utenzi, malezi yale yatapata nini?

Mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Kichwa cha utenzi huo kinatosha kumwonyesha msomaji mipaka ya safari: kuna vita, na kuna anguko, hapo jahazi limefika bandarini. Mtunzi halaumiwi kwa hilo, maana ndio mwendo wa bahari aliyoiingia. Tangu Tambuka ya Bwana Mwengo, mwaka 1728, hadi utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wadachi katika mrima, utenzi wa vita umetaka adui mwenye jina, mashujaa wa kutajwa mmoja mmoja, na siku ya ushindi au ya msiba. Ubeti wake wa vipande vinne, mizani nane kila kipande, na kina cha mwisho kinachofuatana toka mwanzo hata tamati, humvuta msikilizaji kama tanga lililojaa upepo. Hautaki kutia nanga mahali pasipotokea jambo.

Na maisha ya askari mwalimu ugenini ni mahali pasipotokea jambo. Alfajiri hupigwa tarumbeta, kuruta wakapangwa mistari. Mguu sawa, nyuma geuka, mbele tembea. Bunduki hufunguliwa, ikafutwa, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena kwa sababu mmoja amekosea. Mchana ni jua na vumbi la gwaride, jioni foleni ya chakula na kungoja barua, usiku lindo. Kesho yake ni yale yale. Hata wakazi wa visiwani wana mfano wao ulio jirani: askari wa Tanzania waliopelekwa Seychelles, miaka ya mwisho ya 1970 na baada yake, hukumbukwa zaidi kwa Novemba 25, 1981, siku mamluki wa Mike Hoare walipovamia uwanja wa ndege wa Mahé. Siku moja hiyo imesimuliwa mara nyingi. Miezi ya mafunzo iliyoizunguka haina msimulizi.

Ili kuupima upungufu huo, mtu na amfikirie askari aliyetoka Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa. Vita vya Kagera vilikusanya mgambo na vijana kutoka pembe zote za nchi, na mkulima wa mpunga wa bondeni hakuwa mbali na wito huo kwa kuwa alikuwa mbali na Kagera. Utenzi wa vita ungempokea kijana huyu kwa sharti moja, nalo ni kwamba ageuke simba. Lakini kwao kuna sifa nyingine. Roy Willis, aliyewachunguza Wafipa kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1989 makala iliyoshughulika na fumbo la amani yao. Na huko juu ya uwanda, Mfipa hulima matuta ya ntumba: nyasi hufunikwa kwa udongo zikaoza, ili zilishe mazao ya msimu unaofuata. Mlima ntumba hufanya kazi leo kwa ajili ya shamba asiloliona bado. Mshairi anayemtafutia askari mwalimu taswira hana haja ya kwenda kwa simba. Jembe la methali limekwisha kuwa mkononi mwake.

Lipo na suala la lugha, ambalo wapenzi wa ushairi wa pwani wangefaa kulitia maanani. Kijana wa Muze ameota moto kwa Kifipa. Kiswahili amekipata shuleni na kazini. Kuruta aliye mbele yake ni Mlango au Mwacholi, naye pia amezaliwa katika lugha nyingine. Wawili hawa hukutana katika Kiswahili kama watu waliokaribishwa nyumba isiyo yao, na humo ndimo mmoja anamfunza mwenziwe kushika silaha. Tena nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kuchafuliwa. Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi tangu enzi za KAR, na Amin, aliyeitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, aliwaachia raia kumbukumbu ya amri za askari wake vizuizini. Simama. Lete. Kaa chini. Maneno hayo hayo ndiyo aliyokuwa nayo mwalimu mpya. Waganda walimwita mkombozi, wakalifanya neno letu kuwa lao: bakombozi. Neno tukufu, lakini mkombozi anayekawia kuondoka hubadilika sauti katika kinywa cha mwenyeji. Mshairi atakayelisikiliza neno hilo moja, tangu shangwe za mitaani hadi minong'ono ya miaka miwili baadaye, atakuwa na utungo mkononi.

Utungo huo hautakuwa wa sifa tupu. Jeshi lililolelewa lilijikuta katika vita vya Luwero, ambavyo raia wengi waliangamia. Julai 1985 liliipindua serikali liliyoitumikia. Na Januari 1986 nalo likashindwa na NRA. Si haki kumtwika mwalimu mmoja wa gwaride mzigo huo wote. Hata hivyo, hapana ushairi wa kweli utakaoupita bila kuuliza: huyu alifunza kulenga, ni nani aliyefunza kutolenga? Utenzi wa ushindi hauna pahala pa swali hilo, kwa kuwa ushindi umekwisha kulifunga kabla halijaulizwa.

Lakini hazina ya Kiswahili ina tawi jingine. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siu, mtu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said. Kutoka nyumba ya vita namna hiyo ndipo ulipotoka, mwaka 1858, utendi wa wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye. Mizani ni ile ile ya tenzi za vita. Kilichobadilika ni anayesemeshwa. Tambuka huusimulia umma. Mwana Kupona humwelekea mtu mmoja aketiye mbele yake, naye ana hofu ya yatakayompata mwana huyo yeye akiwa hayupo. Hiyo ndiyo hali ya mwalimu wa askari katika juma la mwisho kabla ya kuondoka. Wosia, basi, ndio mlango wake. Na wosia huo ukijibiwa na kuruta, kwa desturi ya majibizano waliyoizoea wasomaji wa kurasa za mashairi magazetini, sauti ya pili itaingia: ya aliyefunzwa, ambaye huenda ana malalamiko yake.

Utungo wa namna hiyo ukipatikana, usianzie Kampala. Uanzie kwenye mteremko wa kushukia Muze, baba akirudi na begi lake, na mtoto aliyekuwa hajui kusema alipoondoka akimwuliza: ulimfunza nani, na sasa anafanya nini?