Video Haitaki Jua la Saa Sita

Bwana harusi wa mjini Kasongo aliyevaa kanzu nyeupe na kusimama uwanjani adhuhuri ni mtihani ambao Canon EOS 2000D hufeli ikiachwa ijiamulie yenyewe. Kipima mwanga cha kamera hii, kama vya wenzake wote, kimeundwa kuamini kwamba vilivyo mbele yake vikichanganywa hupatikana kijivu cha wastani. Kikiona kanzu imejaa kwenye fremu, hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wa bwana harusi unabaki kivuli chenye meno. Wakija shangazi zake na mabuibui meusi, kosa linageuka: kamera inaongeza mwanga, nyuso zinapauka na buibui linakuwa la kijivu.

Kwenye picha za kawaida dawa inajulikana. Zungusha gurudumu hadi M, sogea karibu, pima mwanga kwenye uso wenyewe, kisha punguza kidogo, maana ngozi nyeusi nayo kamera itataka kuing'arisha hadi iwe kijivu. Rudi nyuma, piga, usiguse tena vipimo mpaka mtu ahame au wingu lipite. Ukihifadhi faili ghafi (RAW), hata kosa dogo linarekebishika kwenye kompyuta.

Tatizo linaanza pale mteja anaposema, "Na video pia, fundi." Tangu Nikon itoe D90 mwaka 2008, ya kwanza katika kamera za aina ya DSLR kurekodi video, watu wamezoea kuona kitufe kimoja tu kinatenganisha kazi hizi mbili. Naona hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwenye picha unabadili vipimo. Kwenye video, kwa kamera ya daraja la mwanzo, karibu kila mara itakubidi ubadili mahali.

Hesabu yake ni hii. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema juani kweupe weka f/16, na kwa ISO 100 shata ifunguke kwa 1/100 ya sekunde. Mpiga picha anayetaka f/5.6 anapandisha kasi hadi 1/800, anamaliza. Video ya fremu 25 kwa sekunde inataka shata ikae karibu na 1/50, la sivyo mikono ya wapiga ngoma itaonekana ikirukaruka badala ya kutembea. Sasa kwa 1/50 juani, tundu la lenzi lazima libanwe hadi f/22. Hapo mwanga hupinda kwenye kingo za tundu jembamba na picha yote hupoteza ukali. Tena chembe za vumbi zilizokaa kwenye sensa, ambazo kwa f/5.6 hukuziona, zinajitokeza kama madoa kwenye anga. Aliyesafiri kwa tukutuku kiangazi kati ya Kasongo na Kabambare anajua vumbi lile jekundu linavyoingia mpaka ndani ya begi lililofungwa zipu.

Unaweza kununua kichujio cheusi cha ND cha kufunga mbele ya lenzi, nacho kinasaidia. Lakini hakiondoi kivuli cha kofia machoni. Kasongo iko nyuzi nne na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi, na nyakati nyingine za mwaka haliendi mbali. Hakuna kipimo cha kamera kinachoweza kulisogeza.

Mtu ndiye anayesogea. Mlete chini ya baraza, hatua moja au mbili ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukitazama uwanja. Mwanga pale ni pungufu kama mara nane kuliko juani, na hesabu inakuja yenyewe: ISO 100, 1/50, f/8. Hapo lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera iko kwenye ukali wake mzuri. Uwanja wenye jua unarudisha mwanga kutoka chini na kuyafungua macho. Udongo ukiwa mwekundu, uso utachukua wekundu, kwa hiyo pima rangi nyeupe kwa karatasi palepale alipokaa, usiiachie kamera. Video haina faili ghafi ya kukuokoa baadaye. Na umkalishe, kwa sababu wakati wa kurekodi kamera hii hutafuta ukali polepole na kwa kusitasita. Ni heri kuuweka kwa mkono mara moja na kuuacha.

Sauti sitaizungumzia sana: 2000D haina tundu la maikrofoni. Weka simu inayorekodi kwenye mfuko wa shati la anayezungumza, piga kofi moja mbele ya lenzi, na kofi hilo ndilo litakalokuonyesha pa kuunganishia. Mvua ikianza juu ya mabati, simamisha kazi.

Kadi ya gigabaiti 16 hujaa kwa takriban dakika 44 za video ya 1080, na hakuna klipu inayozidi dakika 30. Mahali ambapo betri huchajiwa kwa sola au jenereta, kuacha kamera inarekodi khutba nzima ni ubadhirifu. Rekodi vipande. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani aliyetengeneza *En route pour le milliard* mwaka 2020, hushika kamera mwenyewe katika filamu zake, na ukizitazama utaona jinsi anavyomngoja mtu badala ya kumkimbiza.

Usiku mambo yanageuka. Kasi ya 1/50 iliyokutesa mchana sasa ni rafiki, ila jenereta ndogo haishiki hezi 50 sawasawa, na taa zake hutembeza mistari myeusi kwenye video hata ukiwa na kipimo sahihi. Taa za sola zinazochukua umeme wa betri moja kwa moja kwa kawaida zimetulia. Mkalishe bibi harusi karibu na hizo. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6, kwa hiyo utapanda ISO 6400 na chengachenga zitajaa. Lenzi ya 50 mm yenye f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Inabana sana kwenye sebule ndogo, itabidi usimame mlangoni, lakini mwenye pesa ya kitu kimoja tu aanze na hiyo kabla ya kufikiria kamera kubwa zaidi.