Fulana Ikishalipiwa

Julai 2021 jarida la The New York Times Magazine lilichapisha makala ndefu ya Jason Zengerle kuhusu kampuni ya kahawa iitwayo Black Rifle Coffee. Kichwa cha makala kiliuliza kama kampuni hiyo inaweza kuwa Starbucks ya mrengo wa kulia. Nimeisoma mara tatu. Ni kazi nzuri: mwandishi amekaa na watu wake, amesikiliza sana, na hakuwafanyia kejeli, jambo ambalo waandishi wa magazeti makubwa ya Marekani hawaliwezi kila mara wanapokutana na watu wenye ndevu na bunduki. Ila kila nikiimaliza naona imemhoji mtu asiye sahihi. Kurasa nyingi zinatafuta kilichomo moyoni mwa mwenye kampuni, je, ni mwenye siasa kali kweli au ni mfanyabiashara tu? Mteja anapita pembeni kama umati nyuma ya picha.

Tuanze na kahawa yenyewe, maana inasahaulika upesi. Black Rifle, yaani bunduki nyeusi, ilianzishwa Utah mwaka 2014 na Evan Hafer, aliyekuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu. Utah si nchi ya mibuni. Buni ya Hafer inaagizwa kutoka nchi za joto, kama inavyoagizwa ya Starbucks na ya kila mchomaji wa kahawa Marekani. Kilichobaki kutofautisha mfuko mmoja na mwingine ni maneno. Kahawa moja ikaitwa AK-47. Nyingine ikaitwa Silencer Smooth, jina linalocheza na kile kifaa cha kuzima mlio wa bunduki. Wakaongeza video za utani wa kambini, zilizotengenezwa na wanajeshi wastaafu kwa ajili ya wanajeshi wastaafu, na baadaye kwa ajili ya kila aliyetamani kuonekana kama mmoja wao. Kundi hili la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lenye fedha.

Kisha ikaja Januari 2017. Trump alikuwa ametia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwemo. Siku mbili baadaye Starbucks ikatangaza kwamba itaajiri wakimbizi 10,000 duniani kwa miaka mitano. Black Rifle ikajibu kwamba yenyewe itaajiri wanajeshi wastaafu 10,000, na mtandaoni ikazungusha picha ya kubandikabandika yenye wapiganaji wa ISIS na vikombe vya Starbucks. Watangazaji wa mrengo wa kulia wakaichukua habari hiyo, na kampuni ndogo ya kahawa ikawa mada ya taifa. Miaka minne baadaye wafanyakazi wake wote bado walihesabika kwa mamia. Ahadi ile ilikuwa imeshafanya kazi siku ilipotangazwa, na aliyeigeuza kuwa mauzo ni chombo cha habari. Zengerle anaisimulia hatua hii, lakini anaisimulia kama historia ya kampuni. Mimi naisoma kama historia ya uandishi wa habari: tangazo la biashara lilipita katika studio likatoka likiwa habari, na hakuna aliyelipishwa.

Sehemu iliyonishika zaidi ni Novemba 2020. Agosti ya mwaka huo, huko Kenosha, Wisconsin, kijana wa miaka 17, Kyle Rittenhouse, aliwapiga risasi watu watatu wakati wa ghasia zilizofuata baada ya polisi kumpiga risasi mtu mweusi. Wawili walikufa. Novemba akatoka kwa dhamana ya dola milioni 2, na picha yake ya kwanza akiwa nje ikasambaa: amevaa fulana ya Black Rifle Coffee. Mtangazaji mmoja ambaye kipindi chake kilidhaminiwa na kampuni hiyo aliirusha mtandaoni pamoja na sifa za kahawa na neno la siri la kupata punguzo la bei. Sijui kama kuna picha inayoeleza zama hizi kuliko hiyo: maiti wawili, dhamana, na punguzo la bei.

Kampuni ikatoa tamko. Haimdhamini, ilisema, wala haina uhusiano na kijana wa miaka 17 anayekabiliwa na mashtaka Kenosha. Tamko halikumtaja jina. Kwa msomaji wa New York au Boston hayo ni maneno ya wakili, baridi na ya kawaida. Kwa mteja wa Black Rifle ilikuwa kama kumsikia mjomba akimkana mwanafamilia mbele ya polisi. Kijana aliyemwona shujaa ameitwa "wa miaka 17". Watu wakafuta oda zao za kila mwezi, wakajirekodi wakitupa mifuko ya kahawa. Hafer akatukanwa kwa asili yake ya Kiyahudi na watu waliokuwa wakimwita ndugu wiki moja kabla. Rittenhouse aliachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata, lakini hilo halikuwa limejulikana bado na wala si hoja ya hasira ile. Hoja ilikuwa: nani mwenye jina lililoandikwa kifuani?

Kwetu fulana ya chama hugawiwa bure wakati wa kampeni, na mtu akaivaa shambani miaka mitano bila kuulizwa msimamo wake. Mteja wa Black Rifle ameilipia yake, na kwa kuwa ameilipia anadai. Amenunua uanachama. Kampuni ilimwambia kwamba kunywa kahawa hii ni kusimama upande fulani. Sasa upande umekuja kudai mwenzao asimame. Sheria ya alama za biashara inasema jina ni la Hafer. Wateja wanasema ni letu, na kwa soko wao ndio wenye nguvu. Januari 6, 2021, mtu mmoja alipigwa picha ndani ya Seneti ameshika pingu za plastiki, na kichwani alikuwa na kofia ya kampuni ileile. Hakuna tamko linaloweza kuirudisha kofia hiyo dukani.

Ndipo inapokuja makala ya Julai. Hafer anamweleza mwandishi kwamba wabaguzi wa rangi na makundi kama Proud Boys hawataki, waende zao. Ninaamini alisema kwa dhati. Lakini angalia alikokwenda kulisema: kwenye gazeti ambalo wateja wake wengi hawalisomi, na wanaoliona kama nyumba ya adui. Maneno yale yalikatwa vipande, yakarushwa kwenye mitandao ya mrengo wa kulia, na moto wa Novemba ukawaka upya. Aliyepata faraja ni msomaji wa Times, ambaye pengine hakuwa na mpango wa kununua kahawa ya AK-47. Makala haioni kwamba yenyewe ni tukio ndani ya biashara hiyo. Inajiona kama dirisha, ilhali ilikuwa uwanja ambao kampuni, miezi michache kabla ya kutafuta fedha za wawekezaji wakubwa, ilikwenda kujisafisha. Mauzo ya 2020 yalikuwa dola milioni 163, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Mtu anayeuza kiasi hicho hatoi mahojiano kwa bahati mbaya.

Kosa jingine la uandishi huu ni kupima uaminifu wa mteja kwa kelele. Julai 2020 Robert Unanue, mkuu wa kampuni ya vyakula ya Goya, alimsifu Trump katika bustani ya Ikulu. Upande mmoja ukatangaza kususia, wa pili ukatangaza kununua, Ivanka Trump akapiga picha na kopo la maharage. Kwa wiki nzima ilionekana kama taifa limegawanyika kwenye rafu ya maharage. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Northwestern walipokuja kuangalia hesabu za madukani, walikuta mauzo yalipanda kwa asilimia 22, hasa kwa wanunuzi wapya katika maeneo yenye Republican wengi, na ndani ya wiki tatu ongezeko lote likawa limeyeyuka. Walinunua kopo, wakapiga picha, wakarudi kwenye maharage yao ya siku zote. Wangapi tulisoma habari ya kopo, na wangapi tulisoma habari ya wiki ya nne?

Bud Light ndiyo inayoharibu hesabu hii. Aprili 2023 kampuni hiyo ya bia ilimpa Dylan Mulvaney, mwanamke aliyebadili jinsia na mwenye wafuasi wengi mtandaoni, kazi ndogo ya kuitangaza. Mwanamuziki Kid Rock akazipiga makreti ya bia risasi mbele ya kamera. Nilidhani yatakuwa yaleyale ya maharage. Kumbe Mei mwaka huo Modelo Especial ikaipita Bud Light na kuwa bia inayoingiza fedha nyingi kuliko zote Marekani, na mteja aliyeondoka hakurudi. Hata Trump alipoandika mapema 2024 kwamba kampuni ipewe nafasi nyingine, hali haikugeuka sana. Maelezo yangu ni ya kawaida kabisa: bia hunywewa mbele ya watu, na bia nyingine ya bei ileile iko sentimita kumi kando. Kususia hakukumgharimu mtu chochote, na kutosusia kulimgharimu masimango ya wenzake baa. Maharage hupikwa nyumbani ambako hakuna anayesoma kopo. Kuhusu hili la baa na jikoni vyombo vya habari viliandika kidogo sana. Itikadi inauza zaidi.

Na inauza kweli. Mwaka 2021 kampuni ya nyembe ya Harry's iliondoa matangazo yake kwenye Daily Wire, chombo cha habari cha wahafidhina, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa katika kipindi kimoja kuhusu jinsia. Machi 2022 Daily Wire ikaanza kuuza nyembe zake yenyewe, Jeremy's Razors, zilizopewa jina la mmoja wa wakuu wake wa wakati huo, Jeremy Boreing. Sasa mtangazaji analeta hasira asubuhi na wembe mchana, kwa sauti ileile, na msikilizaji haambiwi mstari uko wapi. Ningependa kumsoma Zengerle akiandika juu ya nyembe hizo. Pale angelazimika kuuliza habari ni nini na bidhaa ni ipi, na asingekimbilia tena moyo wa mtu.

Black Rifle iliingia soko la hisa la New York Februari 2022. Kufikia mwisho wa 2024 hisa iliyoanzia kwenye dola 10 ilikuwa chini ya dola 5. Kahawa yenyewe sasa inapatikana Walmart, kwenye sehemu moja na ile ya Starbucks.