Diski ya Zamani: Adimu kwa Nani?

Watu wakitaja mila na desturi zetu, mara nyingi wanafikiria ngoma, ndoa, matanga na masimulizi ya wazee wa kijijini. Ni wachache wanaotia katika hesabu hiyo diski nyeusi zenye zilizunguka kwenye fono za wazazi wetu, hapa Likasi, tangu wakati mji ulipoitwa Jadotville. Lakini diski ile nayo ni urithi. Ilibeba lugha yetu, gitaa yetu na mizaha yetu mpaka mbali. Leo imekuwa kitu cha biashara. Kuna watu wa Ulaya na Marekani wanaoitafuta kwa bidii, na wakiipata wanaandika juu yake neno moja: adimu. Katika kurasa hizi ninataka kulipima neno hilo. Diski gani ni adimu kweli? Na ni adimu kwa nani?

Tuanze na kosa lenye linasikika kila siku: kufikiri kwamba diski ikiwa ya zamani, basi ni adimu. Si hivyo. Kwanza vijana wanaita diski zote “vinili”, lakini zile za kwanza hazikuwa vinili hata kidogo. Diski za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa Asia, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, na zikianguka zilivunjika kama sahani ya udongo. Vinili ni plastiki. Ilianza kuenea tangu 1948, wakati kampuni ya Columbia ya Marekani ilipotoa diski kubwa za mizunguko 33, na mwaka uliofuata RCA ikaleta zile ndogo za mizunguko 45. Kwetu diski za 78 ziliendelea katika miaka ya 1950, nyuma yake zile za 45 zikachukua nafasi.

Sasa tuangalie bei, maana wengi wanadhani bei ndiyo kipimo. Diski ya Beatles yenye jalada jeupe, ya 1968, ilichapwa kwa mamilioni. Iko kila mahali. Lakini nakala yenye namba 0000001, iliyokuwa mali ya mpiga ngoma wao Ringo Starr, iliuzwa mnada mwezi wa Desemba 2015 kwa dolari 790,000. Mnunuzi alilipa nini pale? Hakulipa muziki, kwa sababu muziki ule ule anaweza kuusikia kwa dolari chache. Alilipa namba na jina la mwenyewe. Basi bei inatuonyesha tu kwamba watu wawili wenye mali walitaka kitu kimoja siku moja. Haituambii kama kitu kile kinakaribia kupotea.

Wakusanyaji wazuri wanalijua hilo. Wao wanauliza maswali matatu.

La kwanza: zilichapwa ngapi? Ili kuchapa diski, sauti inachorwa kwanza kwenye sahani laini, kisha inatolewa chapa ya chuma, na chuma kile ndicho kinachogandamiza mamia ya nakala mpaka kinachoka. Chuma kikitupwa, nakala mpya haziwezekani tena kwa njia ile. Namba ndogo yenye imechorwa karibu na karatasi ya katikati inaonyesha nakala yako ilitoka kwenye chapa gani. Njo maana wakusanyaji wanatazama namba ile mbele ya kutazama jalada. Wakati mwingine nakala ni moja tu duniani: mwaka 1958 vijana wa Liverpool, wakiitwa bado Quarrymen, walilipia diski moja peke yake, na leo iko kwa Paul McCartney.

Swali la pili: zimebaki ngapi? Hapa hesabu inageuka. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay pamoja na wenzake kurekodi kwa kampuni ya Gramophone. Diski zile zilinunuliwa sana pwani yote. Kama uchache wa kuchapwa ungekuwa ndiyo kipimo pekee, zisingekuwa adimu. Lakini zilipendwa, na upendo unaua diski. Sindano za chuma zilikula mifereji kila usiku wa karamu, zilikopeshwa kwa majirani, ziliwekwa juani, watoto walizikalia. Kwa hiyo diski yenye ilipendwa na wote inaweza kuwa ngumu kupatikana katika hali safi kuliko ile yenye hakuna mutu aliyeitaka na ikabaki dukani ndani ya karatasi yake.

Swali la tatu: nani anajua kama iko? Diski ya mpiga gitaa wa Marekani Tommy Johnson, ya 1930, ilijulikana kwa nakala mbili tu wakati moja ilipouzwa mwaka 2013 kwa dolari zaidi ya 37,000. Ilifika bei ile kwa sababu kulikuwa watu walioandika orodha, wakahesabu, wakajua nini inakosekana. Diski yenye haimo katika orodha yoyote haina bei. Inaweza kuwa ya mwisho duniani na ikauzwa sokoni pamoja na masufuria.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1952 Muingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine zake kwa msaada wa kampuni ya Gallo ya Johannesburg, alifika Jadotville. Hapa alimkuta kijana wa miaka kama 22, mwenyeji wa Bunkeya, jina lake Mwenda Jean Bosco. Kijana alipiga gitaa kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, lakini ukisikiliza unaapa kwamba wako watu wawili au watatu. Wimbo wake “Masanga” ulipewa mwaka ule ule zawadi ya Osborn na chama cha African Music Society. Diski za 78 zenye alama ya Gallotone zilienda Rhodesia, Kenya, Uganda na Tanganyika. Wapiga gitaa wa Nairobi walijifunza kwake. Binamu yake, Edouard Masengo, naye akapita njia ile ile. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mtaalamu mmoja wa muziki, David Rycroft, aliandika kwa noti namna alivyopiga gitaa.

Basi, diski ya “Masanga” ni adimu? Kwa mkusanyaji, ndiyo: nakala safi ya 78 ni kazi kuipata. Lakini wimbo wenyewe si adimu. Tracey alichunga rekodi zake. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, bado inazo, na sehemu yake zimetolewa tena kwenye CD. Nyumba yako ikiungua leo na diski ile ndani, utalia, lakini “Masanga” itaendelea kuishi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji. Wao wanapima uadimu wa sahani. Mimi ninasema tupime uadimu wa sauti. Diski adimu kweli ni ile yenye ikivunjika, wimbo unakufa: hakuna utepe wa asili, hakuna nakala nyingine, hakuna mutu anayekumbuka maneno. Na diski za namna ile hazitafutwi na tajiri wa mnada, kwa sababu hajui hata kama zilikuwako. Hizo ndizo zenye zinaweza kulala katika sanduku la bibi fulani kule Panda, Kikula au Shituru.

Tujiulize pia kwa nini zimekuwa chache hapa, katika mji ambao ulizaa nyimbo zile. Jibu si sindano na jua peke yake. Mwaka 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, maelfu walilala siku nyingi kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Mutu anayekimbia na watoto wake anabeba sufuria na blanketi. Nani atabeba sahani thelathini za kuvunjika? Kisha Gécamines ikaanguka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa ule mpango wa “kuondoka kwa hiari”. Fono iliuzwa, radio iliuzwa, na diski bila fono ni kitu cha kufunika mtungi. Nimeona kwa macho diski za 45 zikigeuzwa vifuniko. Simlaumu mwenye nyumba. Njaa haisomi namba ya chapa.

Lazima niwatendee haki wakusanyaji. Bila wao na bila watu kama Tracey, tungekuwa leo tunasimulia tu kwamba “zamani kulikuwa Bosco”, na mtoto asingesikia kitu. Wao walilipa, walisafisha, waliandika. Lakini kazi yao ina pengo moja kubwa. Wanajua kupima mikwaruzo, hawajui kusikia maneno. Kwenye karatasi za diski imeandikwa “Swahili”, basi imeisha. Kiswahili gani? Kile ni Kiswahili cha makambi na cha cité, cha Katanga, chenye maneno ya Kiyeke, Kiluba, Kibemba na Kifaransa ndani. Mutu wa Tanga akikisikiliza anashika nusu. Mzungu wa mnada hashiki kitu. Wenye wanaweza kueleza mzaha ule ulimhusu nani, na mtaa ule ulikuwa wapi, ni wazee wetu, na kila mwaka tunawazika. Masikio yale ni adimu kuliko diski zote.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, yenye hayahitaji mali. Ukipata diski nyumbani, usiiuze kwa rundo. Kwanza andika yote yaliyo kwenye karatasi ya katikati, pamoja na namba iliyochorwa pembeni yake. Ile ya 78 usiipanguse na alikoli, maana alikoli inayeyusha utomvu ule. Tumia kitambaa chenye maji kidogo. Usiipige kwa sindano ya diski za 33, mifereji yake ni mipana zaidi na sindano nyembamba itacheza ndani. Isimamishe wima, usiipange chini ya nyingine. Kisha tafuta mwenye fono nzuri, mupige sauti mara moja, muichunge kwenye telefone au kompyuta. Na siku ile ile mwite mzee asikilize, aseme maneno, mtoto wa sekondari aandike. Nyuma ya hayo, ukitaka kuuza, uza. Ni mali yako.

Wanafunzi wangu wanapenda kuuliza: “Mwalimu, hii inaweza kuleta dolari ngapi?” Ni swali la haki, maisha ni magumu. Lakini liko swali lenye linatangulia: kama diski hii ikitoka Likasi leo, ni kitu gani kinabaki hapa? Likijibiwa vizuri, kwa maneno yaliyoandikwa na sauti iliyochungwa, basi sahani iende inapotaka. Likikosa jibu, tumeuza mara moja kitu chenye hatutaweza kukinunua tena, hata tukiwa matajiri.