Namba Iliyoandikwa kwa Penseli

Chini ya picha hizi, penye ukingo mweupe, huwa pana sahihi ya mchoraji na namba iliyoandikwa kwa penseli, tuseme 212/850. Maana yake ni kwamba zimechapwa nakala 850 tu, na hii ni ya 212. Wapenzi wa magarimoshi ya mvuke ya Uingereza hulipa zaidi kwa ajili ya namba hiyo. Mimi nina shaka nayo.

Picha ilipochongwa kwenye bamba la shaba, bamba lilichakaa kadiri lilivyogandamizwa. Nakala za mwanzo zilitoka safi kuliko za mwisho, na uchache wake ulitokana na kazi yenyewe. Lakini mchoro wa rangi ukishapigwa picha na kupelekwa kiwandani, nakala ya kwanza na ya 850 ni sawasawa. Mashine ingeweza kuendelea; anayeisimamisha ni muuzaji. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tuiache namba, tuitazame picha. Injini ipendwayo sana ni Mallard, ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilifikia maili 126 kwa saa, rekodi ya injini za mvuke isiyovunjwa hadi leo. Katika picha nyingi nilizoziona ni ya buluu, inang'aa, na moshi umelala mgongoni mwake. Simwoni Thomas Bray, aliyekuwa akitupa makaa tanuruni kwa jasho lake, wala ile beringi iliyoungua hata injini ikashindwa kuendelea na safari baada ya Peterborough. Ushindi umebaki, kazi imefutwa.

David Shepherd, aliyefariki mwaka 2017, hakuifuta. Katika miaka ya 1960, injini hizo zilipokuwa zikiondolewa reli­ni, alikwenda kuzichora mabandani, kama pale Nine Elms, London. Alichora masizi, kutu, madimbwi ya mafuta, na mwanga unaopenya moshi kwa shida. Agosti 1968 safari za kawaida za mvuke zikakoma katika reli kuu za Uingereza.

Kweli, naye aliuza nakala zenye namba. Lakini kilichokuwa haba kwake si karatasi, bali zile siku za mwisho bandani. Picha ya namna hiyo ningeitundika ukutani hata kama ukingo wake ungekuwa mtupu.