Uhakiki: Je, Jua la Biharwe Latosha Kutupa Mwaka?

Wanafunzi wetu wa Kasese na Bwera wanapoandika insha za fasihi simulizi, mwaka 1520 hujitokeza kana kwamba hauna mjadala. Hawana kosa kubwa, kwani mwaka huo umejengewa hata mnara, uliozinduliwa mwaka 2014 katika kilima cha Biharwe, karibu na Mbarara. Makala haya yanahakiki tarehe hiyo, si masimulizi yenyewe.

Yasimuliwa kwamba Mfalme Olimi wa Bunyoro aliivamia Nkore enzi za Ntare Nyabugaro, akateka ng'ombe. Alipofika Biharwe jua likapatwa, giza likatanda mchana, jeshi likatimua mbio na kuacha mifugo. Wataalamu walipiga hesabu za falaki wakachagua kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Hivyo enzi za wafalme wawili zikapata mwaka.

Hesabu za falaki ni za kuaminika. Hata hivyo, falaki hututajia siku ya kupatwa kwa jua, haimtaji mfalme. Ili kuichagua siku hiyo na kuacha nyingine, ilibidi kwanza kuhesabu vizazi vya wafalme na kukisia urefu wa kila kizazi. Kisha tarehe iliyopatikana ikatumiwa kuthibitisha hesabu ileile ya vizazi. Huo ni ushahidi unaojizunguka. David Henige aliwatahadharisha wanahistoria juu ya jambo hili tangu 1976.

Hata Misri ya kale haikusalimika. Papirasi ya Ebers inataja kuchomoza kwa nyota ya Sirius katika mwaka wa 9 wa Amenhotep wa Kwanza. Mfalme ametajwa, mwaka wake umeandikwa. Lakini wataalamu hutofautiana kwa takriban miaka 20, kutegemea kama mtazamaji alikuwa Memphis au Thebes. Sisi wa Biharwe hatuna hata hayo maandishi.

Aidha, kuna suala la lugha. Tarehe 3 Novemba 2013, Pakwach ilipata giza kamili. Huku Kasese jua lilimegwa tu. Kote watu walisema, "Jua limepatwa." Neno ni moja, matukio ni mawili. Msimulizi wa kale naye hakutupimia giza lake.

Kwa nini tujali? Kwa sababu mzee wa Bwera asiye na tarehe huonekana hana historia. Kumbe akisema, "Nilizaliwa mwaka mmoja kabla ya tetemeko," nasi tukajua ni lile la tarehe 20 Machi 1966, ushahidi wake una nguvu kuliko wa Biharwe: yeye mwenyewe ndiye aliyeyafunga maisha yake kwenye tukio hilo, na siku yake iliandikwa palepale.

Basi walimu wenzangu, tuwafundishe wanafunzi kuandika "huenda ni 1520", kisha waeleze sababu. Neno "huenda" halimpunguzii Ntare heshima yake.